Kiraka kwenye Fizi ya Bi Saumu

Nyie vijana mnaosomea meno, mkija kunisalimia mnapenda kuniuliza swali moja: katika miaka yote ile ya kumshikia daktari taa na mrija wa kufyonza mate, ni upasuaji gani ulionitia hofu? Mnategemea nitaje taya lililovunjika, au jipu lililoshuka mpaka shingoni. Nikiwajibu kwamba ni kupandikiza fizi, mnacheka. Kipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole gumba, mnasema, kinatolewa kwenye kaakaa, kinashonwa mbele ya jino, mgonjwa anakwenda zake nyumbani. Haya. Hapo kwenye kwenda nyumbani ndipo mimi nilipokuwa naanza kuomba dua.

Nimefanya kazi ya usaidizi katika vyumba vya meno hapa Bagamoyo mpaka nilipostaafu. Wagonjwa waliniita Sista, na hadi leo wako wanaonisimamisha sokoni Dunda, wanafungua midomo juu ya fungu la nyanya ili niwatazamie jino. Sikatai, ila kwanza namwomba radhi mwenye nyanya.

Nilipoanza kazi, fizi iliyoshuka ilikuwa haina tiba kwetu. Tuliitazama tu. Leo mzizi umeonekana kidogo, kesho maji ya baridi yanachoma, baadaye jino linacheza, mwisho mtu anarudi tunaling'oa. Kung'oa tulikuwa hodari. Aliyenifundisha kazi alikuwa Dokta Kombo, mtu wa Pangani, mpole kwa wagonjwa na mkali kwetu sisi. Alikuwa hamgusi mtu kabla ya kumuuliza, "Mdomo wako huu unafanya kazi gani?" Watu walimshangaa. Mdomo si wa kula, dokta? Lakini alikuwa anawaacha wazungumze, na mambo yanatoka. Mzee mmoja mshona kofia alikuja na fizi imeliwa mbele ya meno mawili ya juu, na sisi wasaidizi tulishaanza kunong'onezana habari za magonjwa makubwa. Kumbe mzee anakata uzi kwa meno, mshono baada ya mshono, tangu ujana wake. Dokta Kombo akamwambia atumie mkasi. Mzee akajibu kwamba mkasi anao siku zote, ila unakaa mbali na mkono.

Na jambo hili mlijue mapema: wengi wa watu wetu fizi zinawaondoka kwa usafi. Mtu wa Pwani anapenda kinywa safi. Mswaki wa mti kabla ya kila sala, chumvi, mkaa uliotwangwa. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Makurunge aliyetumia mchanga laini, akaniambia kwa fahari kwamba ni uleule anaosugulia sufuria. Mswaki wenyewe hauna kosa, kosa ni la mkono unaokwenda huku na huku kama msumeno. Mfundisheni mgonjwa aushike kwa vidole kama kalamu, asiukamate kwa ngumi, na aupitishe kutoka kwenye fizi kwenda kwenye ncha ya jino. Mshikieni mkono afanye mbele yenu, maana akiitikia tu "ndiyo, Sista" hajaelewa kitu.

Upasuaji wa kupandikiza tulianza kuufanya alipokuja Dokta Neema. Yeye ni bingwa wa fizi, mtu wa bara, anakaa Dar es Salaam, akawa anakuja kwetu kwa zamu. Mikono yake ilikuwa mizuri mno. Lakini mikono ya daktari inaishia mlangoni, na mgonjwa wa huku kwetu akifika nyumbani anauguzwa na mtaa mzima. Babu mmoja wa Vigwaza alishonwa vizuri kabisa, tukamwambia asile wala kunywa cha moto. Wakwe zake wakamwonea huruma kwa damu aliyopoteza, wakampikia uji wa pilipili manga, ule anaopewa mzazi aliyetoka kujifungua, wakamnywesha ukiwa unafuka moshi. Damu iliyokuwa imeganda kwenye kaakaa ikaachia. Alirudi kwetu akiwa na taulo mdomoni na wakwe watatu nyuma yake, kila mmoja akieleza ubora wa uji. Tangu hapo nikawa simwelezi mgonjwa peke yake. Nauliza, "Nani anakupikia?" Huyo ndiye ninayemkalisha kwenye kiti nikazungumza naye.

Sasa niwaeleze habari za Bi Saumu.

Bi Saumu alikuwa na chuo chake cha Kurani hapo Dunda, cha watoto wa kike, kwenye ukumbi wa nyumba ya marehemu mumewe. Mwanamke mwembamba, mwenye haya, lakini akisoma watu wanasimama njiani. Alikuja kwetu ameficha mdomo kwa upindo wa mtandio. Meno mawili ya mbele, ya chini, fizi ilikuwa imeyakimbia mpaka mizizi inaonekana, myembamba na ya manjano. Dokta Neema akapima, akatikisa kila jino, akasema mfupa bado unayashika, lakini yakiachwa hivyo hayatadumu.

Nikamuuliza kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, Bi Saumu. Mdomo wako huu unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Unasomesha," akasema. Kisha akagusa yale meno. "Siin, swaad, zaa, herufi hizo ncha ya ulimi inakaa hapa nyuma. Likitoka jino moja tu, upepo unapita. Watoto wananifuata mimi, Sista. Nitakuwa nawafundisha upepo."

Akaeleza kwamba wasichana wake wanahitimu mwisho wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na yeye mwalimu ndiye wa kufungua kisomo mbele ya wazazi. Kwa ajili ya meno hayo alikuwa ameshaanza kuwaambia wazazi wawatafutie watoto mwalimu mwingine. Aliyasema hayo bila kulia, na mimi roho iliniuma kuliko kama angelia.

Dokta Neema akamweleza kwa utulivu. Tutachukua kipande cha nyama kwenye kaakaa, pembeni, karibu na magego, tukishone hapa mbele kiwe kiraka cha fizi. Bi Saumu akafumba mdomo palepale.

"Kaakaa upande gani?"

"Nimezoea kuchukua kushoto."

"Hapana, mwanangu. Kushoto ndiko inakotoka dhwaad yangu."

Dokta Neema hakuelewa, akamwomba amfundishe. Bi Saumu akasema dhwaad ni herufi ngumu kuliko zote, haitoki kwenye ncha ya ulimi, inatoka ubavuni, ulimi ukilalia magego ya juu. Wako wanaoitoa kulia, na wachache pande zote mbili. Yeye ameitoa kushoto tangu utoto, na imo ndani ya Alhamdu, ambayo anaisoma katika kila rakaa ya sala. Daktari wa watu akaanza kuhangaisha ulimi mdomoni. Mimi nami, niliyepita chuoni utotoni, nikaona nijaribu, nikatoa kitu kama mtu aliyekabwa na muhogo. Bi Saumu akanitazama kwa huruma kubwa.

"Tutachukua kulia," akasema Dokta Neema. "Mimi ndiye nitakayejigeuza. Lakini nisikufiche, kinywa kinaumwa chote hata ukikata upande mmoja. Ulimi wako utakuwa na woga kwa muda."

"Muda gani?"

"Huo siujui, mama. Nikikutajia nitakuwa nakudanganya."

Kwa jibu hilo nilizidi kumpenda yule binti.

Siku ya upasuaji ilikwenda vizuri. Niwaambie vitu viwili ambavyo hamtaviona kwenye simu zenu. Sindano ya ganzi kwenye kaakaa inauma, msimwambie mgonjwa haiumi. Kandamizeni kwanza pembeni ya pale pa kuchoma, kwa mpini wa kile kioo cha kutazamia meno, kwa nguvu, mpaka nyama ipauke, ndipo daktari achome. Maumivu yanapungua sana. Na kiraka kikishashonwa, kibonyezeni kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, mkono utulie, msichungulie kila mara. Damu ikijikusanya chini yake kinaelea. Nyama ile haina mishipa bado, siku za mwanzo inajinywea taratibu kutoka kwenye kidonda ilichokalia. Ikisogezwa tu, inakufa.

Tukamuagiza Bi Saumu: usivute mdomo kutazama, usicheke kwa nguvu, usiseme ila kwa haja. Kwenye udhu ingiza maji kinywani taratibu, inamisha kichwa yadondoke yenyewe, usisukutue wala usiteme. Sala soma kwa kunong'ona. Akaitikia yote. Mpishi wake alikuwa wifi yake, Bi Tatu, naye nikamkalisha kwenye kiti nikamweleza habari za uji mpaka akachoka.

Nililosahau kumweleza, kwa kuwa halikunipitia akilini, ni wageni.

Kesho yake nikitoka kazini nikapitia kwake. Kufika kizingitini, viatu vimejaa hadi barazani. Mnajua wenyewe mambo ya kumjulia hali mgonjwa. Huwezi kupita mtaani ukasikia fulani amepasuliwa ukaenda zako. Kila mmoja kaja na chake, huyu maandazi, huyu mkate wa kumimina, vitu ambavyo mgonjwa hawezi hata kuvitia mdomoni. Na swali lao lilikuwa moja: "Pole, Bi Saumu. Wamekukata wapi? Hebu tuone." Maana ukienda kumtazama mtu aliyevunjika mguu utauona mguu, lakini kidonda cha ndani ya mdomo utakwendaje kuwasimulia wa nyumbani hujakiona? Na Bi Saumu, kwa haya zake, hawezi kumnyima mgeni. Nilipoingia, Bi Tatu alikuwa amemshika wifi yake kidevu, kidole gumba ndani ya mdomo wa chini, ameuvuta chini, anawaonyesha wanawake wa mkekani. "Njooni mwangani," anawaambia. "Mnakiona? Kilee cheupe."

Mimi nina hasira za karibu, na waliofanya kazi na mimi wanajua. "Bi Tatu! Toa kidole!"

Bi Tatu alikuwa mkubwa kwangu, tena nyumbani mwa watu. Akautoa mkono, akajifuta polepole kwenye kanga.

"Sista," akasema, "mtaa huu wanawali wote wamepita mikononi mwangu. Mimi ndiye kungwi wao na wa mama zao. Leo unanifokea kama mtoto aliyedokoa nyama?"

Wanawake wakatazama chini. Bi Saumu akaninyanyulia mkono, ananiomba nisiendelee. Nikaona nikimjibu kwa hasira nitashinda mimi na fizi itashindwa, kwa kuwa kesho nikiwa kazini wageni watarudi na Bi Tatu hatakuwa upande wangu. Nikakaa mkekani karibu naye, nikamshika goti.

"Niwie radhi, dada yangu. Nimekosa kukufokea. Lakini niambie, mwali akiwa ndani nani anamwona?"

"Haonwi na mtu," akasema, bado amenuna.

"Wageni wakija?"

"Wanasalimiana na kungwi."

"Anacheka na wageni? Anawaonyesha alivyo?"

"Mwali gani huyo asiye na adabu!"

"Basi, Bi Tatu, mwali wako huyu hapa."

Kisha mwanamke mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata, na Bi Saumu akajishika mashavu kwa mikono miwili, macho yanamtoka machozi, anajizuia asicheke. Bi Tatu hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akamwinua wifi yake akamwingiza chumbani, akashusha pazia. Aliporudi alisimama mbele ya pazia akawaambia wenzake, "Mmeshasikia. Mwali yuko ndani. Salamu zenu nitazifikisha."

Wanangu, hakuna kitanda cha hospitali chenye ulinzi kama ule. Wageni walikaa barazani, wakala maandazi yao wenyewe waliyoyaleta, wakaondoka. Mke wa imamu alirudishwa kwa heshima zote. Uji wa mchele ulipozwa kwenye sinia na Bi Tatu akaupima kwa kudondoshea nyuma ya mkono wake kama maziwa ya mtoto. Dokta Neema alipokuja mjini akaona ampitie mgonjwa wake, akazuiwa mlangoni. "Wewe ni nani yake?" Akasema ni daktari. "Daktari wa mwali ni mimi," akaambiwa, na akasimama juani mpaka alipoitwa mtu wa kumthibitisha. Alinisimulia akicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kutoa nyuzi wakaja wote wawili, Bi Saumu na wifi yake. Dokta Neema akamwagilia maji, akasafisha, akavuta taa karibu. Mimi nilikuwa nimeshaona. Kiraka kilikuwa hai, chekundu cha kupendeza, kimeshika imara mbele ya meno yote mawili. Lakini ukingo mmoja wa juu ulikuwa umekufa na kukatika, na pale kipande kidogo cha mzizi kimebaki wazi.

"Ukingo huu tumeupoteza," akasema. "Kilichobaki kinatosha. Meno yatakaa."

Bi Tatu alikuwa amesimama miguuni pa kiti. "Ni pale nilipovuta?"

Dokta Neema akanitazama mimi. Ningeweza kumdanganya. Huenda pangekufa hata bila kidole chake, kwenye kazi hii huwezi kuapa. Nikamwambia, "Yawezekana ndipo. Lakini na hiki kilichopona umekiponya wewe." Akashika ncha ya kanga akajifuta macho, na Bi Saumu akanyoosha mkono kutoka kitini akamshika.

Tukamwambia sasa aseme. Akakaa sawa, akafumba macho. Siin ikatoka. Swaad ikatoka. Akaijaribu dhwaad, nikaona ubavu wa ulimi unapanda, unakaribia gego, halafu unarudi kama umeungua. Akajaribu tena. Tulikuwa hatujui la kusikiliza, mimi wala daktari. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Bado," akasema.

Kaakaa lilipona, likawa halina hata kovu la kuonekana. Kila nilipokutana naye nilimuuliza, naye anatikisa kichwa, bado. Mganga wa ulimi hatukuwa naye. Dokta Neema akanipigia simu kutoka Dar kuuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Nikasikia kwamba Bi Saumu amemwomba mwalimu mmoja wa mtaa wa pili ajiweke tayari kufungua kisomo badala yake. Bi Tatu ndiye aliyeniambia, tukiwa wawili jikoni kwake, na hakuwa na neno la mzaha siku hiyo.

Mwisho wa Mfungo Sita nikaalikwa kwenye kisomo. Ukumbi ulitandikwa mikeka, wasichana wamevaa nyeupe mbele, mama zao nyuma. Yule mwalimu mwingine alikuwapo, amekaa tayari, msahafu mbele yake. Bi Saumu aliingia mwisho. Alisimama kidogo, akawatazama watoto wake, kisha akamgusa yule mwalimu bega na kumnong'oneza. Mwalimu akasogea.

Akaanza Alhamdu. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilikuwa natazama mdomo wa chini tu, jinsi unavyopanda na kushuka juu ya kiraka chetu. Herufi za mbele zilitoka safi, hakuna upepo. Alipokaribia mwisho akapunguza mwendo, na Bi Tatu akanikamata mkono akaubana mpaka ukauma. Nikaona shavu la kushoto la Bi Saumu linajaa kidogo. Akaingia kwenye dhwaad, hakuikimbia, akaikalia, kisha akavuta sauti baada yake ndefu, imenyooka, mpaka watoto wakainua vichwa kumtazama.

Ukumbi mzima ukaitikia amina. Bi Tatu aliitikia kuliko wote, bado ameung'ang'ania mkono wangu, analia waziwazi mbele ya wanawali wake wote.